Ukavu Hauui: Maziwa ya Unga ya Watoto Wachanga na Vijidudu Vyake

Maziwa ya unga ya watoto wachanga yalianza kama swali la kikemia, na kwa takribani karne nzima ubora wake ulipimwa kwa virutubisho zaidi kuliko kwa vijidudu. Mwaka 1865 mkemia wa Ujerumani, Justus von Liebig, alitangaza chakula cha mtoto chenye maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano, kimea na bikaboneti ya potasiamu, akikusudia kuyakaribia maziwa ya mama. Miaka miwili baadaye Henri Nestlé, mfamasia wa mji wa Vevey nchini Uswisi, alianza kuuza unga wake wa maziwa na ngano. Upungufu wa vitamini haukumsumbua yeyote, kwa kuwa vitamini zenyewe zilikuwa bado hazijagunduliwa.

Hata baada ya kugunduliwa, hesabu ya virutubisho iliendelea kukosewa. Watoto wa Marekani walipodhoofika kwa kunywa maziwa ya soya yaliyopungukiwa kloridi, madini yapatikanayo katika chumvi ya kawaida, Bunge lilitunga sheria ya mwaka 1980 iliyoweka viwango vya lazima vya virutubisho. Kisa cha China cha mwaka 2008 kilikuwa ulaghai mtupu: maziwa yaliyotiwa maji yaliongezwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye nitrojeni nyingi, kwa sababu kipimo cha protini kilichozoeleka huhesabu nitrojeni tu, wala hakiulizi imetoka wapi. Watoto wapatao 300,000 waliathirika, wengi wakipata vijiwe vya figo, na sita walifariki.

Upande wa vijidudu ulichelewa zaidi kueleweka. Kiwandani, moto huua karibu bakteria wote kabla maziwa hayajakaushwa, lakini wengine huweza kuingia baadaye, unga unapochanganywa na viambato vingine au unapofungashwa. Na ukavu, ambao watu waliuamini kama ngao, huwazuia kuzaana bila kuwaua. Cronobacter sakazakii, anayesababisha homa ya uti wa mgongo hasa kwa watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, anaweza kuishi katika unga mkavu kwa zaidi ya mwaka. Vifo vya kwanza vilivyohusishwa naye vilitokea Uingereza mwaka 1958, lakini ilipita miongo miwili na zaidi kabla watafiti hawajaugeukia unga wenyewe. Mwaka 1988 Harry Muytjens wa Uholanzi na wenzake walichapisha uchunguzi wa sampuli 141 kutoka nchi 35, na bakteria huyo alipatikana katika 20.

Baada ya mtoto mmoja kufariki kwa bakteria huyo hospitalini huko Tennessee, Marekani, mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yaliitisha wataalamu mjini Geneva mwaka 2004, na mwongozo wa mwaka 2007 ukaagiza unga ukorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado yana nyuzi 70 za Selsiasi au zaidi, kisha upoozwe haraka na unywewe ndani ya saa mbili. Hapo ndipo hesabu mbili zinapogongana, kwa maana joto hilo hupunguza vitamini C na kuua bakteria wenye manufaa ambao baadhi ya viwanda huwaongeza kwa makusudi. Ndiyo maana maelekezo ya makopo kadhaa yangali yakitaja maji ya vuguvugu.