Dhahabu ya Ann Grant na Uwanja wa Binti Zetu

Wana-Same wenzetu, Olimpiki ya Moscow ya 1980 tunaikumbuka kwa medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Tulipeleka pia timu ya wanaume ya mpira wa magongo. India walitufunga 18-0, tukawa wa sita kati ya timu sita. Basi, tuliache hilo.

Mwaka huohuo wanawake walicheza magongo Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mataifa mengi yalikuwa yamesusia, nafasi zikabaki wazi, na Zimbabwe, iliyopata uhuru Aprili 18, ikaalikwa zikiwa zimesalia wiki chache tu. Nyasi bandia walikuwa hawajawahi kuzichezea. Hata hivyo, chini ya nahodha Ann Grant walicheza mechi tano bila kufungwa hata moja, na Julai 31 wakawalaza Austria 4-1 wakatwaa dhahabu.

Tusifiche jambo: kikosi chote kilikuwa cha Wazungu. Mwaliko ule wa ghafla uliwakuta tayari waliokulia kwenye shule na klabu zenye viwanja. Wasichana Waafrika hawakupungukiwa mbio wala nguvu. Ubaguzi wa Rhodesia uliwanyima uwanja na gongo.

Huku kwetu milimani kinachotunyima ni mteremko. Binti zetu wakipiga mpira kwa nguvu, nusu ya kipindi huishia kuufuata bondeni. Michango ya mwaka huu ni ya kusawazisha uwanja wa shule. Asiye na fedha aje na jembe siku ya msaragambo.