Mota inapogonga: historia ya kelele ya supapu katika mashine za kukata majani

Katika miji mingi ya Kongo majani bado yanakatwa kwa kupekupe, hasa siku ya salongo. Lakini mashine za kukata majani zenye mota zinaonekana pia, kwenye viwanja vya mpira, shule, hospitali na nyua za parokia. Nyingi zimenunuliwa zikiwa zimekwisha tumika Ulaya. Baada ya muda, mwenye mashine anaanza kusikia tak-tak-tak juu ya mota, na fundi anaambiwa: supapu zinagonga.

Mara nyingi fundi hufungua kifuniko na kutafuta skurubu ya kukaza. Kwa mota fulani hiyo ndiyo dawa. Kwa mota nyingine skurubu hiyo haipo kabisa, na feza za mwenye mashine zinapotea bure. Tofauti hiyo imetokana na safari ya miaka zaidi ya 100, na anayeijua safari hiyo hatafungua mahali pasipostahili.

Mashine ya kwanza ya kukata majani haikuwa na mota. Ilibuniwa na Edwin Budding huko Stroud, Uingereza, akapata hataza yake mwaka 1830. Wazo alilitoa katika viwanda vya nguo, ambako mashine yenye visu vya kuzunguka ilinyoa manyoya juu ya kitambaa. Mtu alisukuma, visu vikazunguka. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikaanza kuuza mashine ya kukata majani yenye mota ya esanse. Hapo ndipo matatizo ya supapu yalipoingia katika kazi ya majani.

Supapu ni mlango mdogo wa chuma. Mota ya mapigo manne ina angalau mbili: moja inaingiza hewa na esanse, nyingine inatoa moshi. Ndani ya mota kuna chuma chenye vibonge, kinachoitwa kemu. Kemu ikizunguka, kibonge kinainua kisukumio, na kisukumio kinafungua supapu. Tatizo ni joto. Chuma kikipata moto kinarefuka. Kama hakuna nafasi kati ya kisukumio na supapu, supapu iliyorefuka haifungi vizuri. Kwa hiyo wahandisi waliacha nafasi ndogo sana. Nafasi hiyo inalinda supapu, lakini kila mara chuma kinapovuka kufika kwenye chuma kingine, kinagonga. Kelele hiyo basi ilikuwa gharama ya usalama.

Kwa miaka mingi mota ndogo zilikuwa na supapu ubavuni mwa silinda. Ndivyo zilivyokuwa mota nyingi za Briggs & Stratton, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1908 huko Milwaukee, Marekani. Nyingi za mota hizo hazikuwa na skurubu ya kurekebisha. Nafasi ikiwa ndogo kuliko inavyotakiwa, fundi alitoa supapu na kusaga ncha ya mguu wake kidogo kidogo, huku akipima. Akisaga kupita kiasi, supapu imeharibika. Kazi hiyo ilitaka mkono mtulivu.

Wakati huo watengenezaji wa magari ya kifahari walitaka kuondoa kelele hiyo kabisa. Mwaka 1930 Cadillac ilitoa gari lenye mota ya silinda 16, na ndani yake nafasi ya supapu ilizibwa kwa nguvu ya mafuta ya mota. Kisukumio cha mafuta, jinsi kilivyoenea baadaye, ni kama bomba dogo: ndani mna pistoni ndogo, springi na kigololi kinachozuia mafuta yasirudi. Mafuta yanajaza pengo, na kwa kuwa hayabonyei kama hewa, yanasukuma supapu kama chuma kizima. Yanavuja kidogo tu, na hivyo kisukumio kinajirekebisha chenyewe chuma kinaporefuka au kinapolika. Kazi ya fundi wa kupima ikapewa mafuta.

Katika mashine za majani mabadiliko yalichelewa. Mwaka 1983 Honda ilileta mota ndogo za GX, zenye supapu juu ya silinda na skurubu za kurekebisha. Kisha sheria za moshi zikaanza kubana mota ndogo, California mwaka 1995 na Marekani yote mwaka 1997, na mota za supapu za ubavuni zikapungua polepole. Kampuni nyingine, kama Kohler ya Wisconsin, ziliweka visukumio vya mafuta katika mota kubwa zaidi, kama zile za mashine ambazo dereva anakaa juu yake. Ndiyo sababu leo mashine mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa za jamaa mbili: moja ya skurubu, nyingine ya mafuta.

Jamaa ya skurubu inajulikana sana Kongo, maana grupu ndogo nyingi za umeme zina mota za muundo huo wa GX. Hapa kelele ikiongezeka, kwa kawaida nafasi imepanuka. Mota iachwe ipoe kabisa. Buji itolewe, mota izungushwe kwa mkono mpaka pistoni ifike juu wakati supapu zote mbili zimefungwa. Kwa Honda GX160 nyingi za zamani, nafasi ni milimita 0,15 upande wa hewa na 0,20 upande wa moshi, ambao unapata joto zaidi. Kibamba cha kupimia kipite kwa kukwaruza kidogo, kisha nati ikazwe na nafasi ipimwe tena, maana kukaza huku kunaweza kuisogeza.

Kosa kubwa ni kukaza mpaka kelele iishe. Mota inatulia na mteja anafurahi, lakini supapu ya moshi haikai tena kwenye kiti chake. Inapoteza nafasi ya kupoa, inaungua, na mota inakosa nguvu. Supapu inayogonga kidogo ni salama kuliko iliyobanwa ikanyamaza.

Jamaa ya mafuta inataka njia nyingine. Ikigonga sekunde chache baada ya kuwashwa kisha ikanyamaza, mara nyingi hakuna ugonjwa: mafuta yalishuka mota ilipolala, yanarudi. Ikiendelea kugonga, jambo la kwanza ni kuangalia kiasi cha mafuta, la pili ni usafi wake, la tatu kama ni ya aina iliyoandikwa kwa mota hiyo. Uchafu kidogo chini ya kigololi unatosha kukifanya kisukumio kiwe laini. Mafuta mapya na filta mpya vijaribiwe kabla ya kufungua chochote. Kelele ikibaki, mgandamizo wa mafuta upimwe, na kisukumio kibovu kibadilishwe. Vile vya zamani vinavyobaki vizuri virudishwe kila kimoja mahali pake, kwa sababu kila kimoja kimelika pamoja na kibonge chake.

Kuna pia kelele zinazojifanya supapu. Kemu inazunguka mara moja wakati mota inazunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wa supapu ni mwepesi na wa polepole kuliko mwendo wa mota. Kishindo kizito kinachotoka chini kinaweza kuwa mkono wa pistoni, na hapo mota izimwe mara moja. Kisu kilicholegea nacho kinagonga. Kabla ya kukishika, waya wa buji utolewe.

Mwenye mashine hahitaji kuwa fundi ili aepuke hasara. Inatosha aulize kabla kifuniko hakijafunguliwa: mota hii ni ya skurubu au ya mafuta? Fundi asiye na jibu aanze kwa kutafuta jina na namba ya mota, si kwa kushika ufunguo.