Presio ya jicho: upasuaji unaokoa nini?

Mutu wa Kasongo ao Kabambare akianza kupoteza macho, jamaa wanawaza upofu wa mto, ule unaokingwa kwa Mectizan, ao mtoto wa jicho. Lakini kuna ugonjwa mwengine: glokoma. Mectizan haiutibu.

Jicho linatengeneza maji kila siku, na maji hayo yanatoka polepole. Yakikosa njia nzuri, presio inapanda na kuharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kawaida ni 10 mpaka 21, lakini wengine wanaumia hata chini ya hapo. Mara nyingi hakuna maumivu. Macho yanafifia pembeni kwanza: mutu anagonga milango, lakini mbele anaona vizuri. Watu weusi wanapatwa mapema zaidi, na mwenye mzazi ao ndugu mwenye glokoma iko katika hatari kubwa.

Upasuaji unaojulikana sana ni trabekulektomi, ulioelezwa mwaka 1968 na munganga John Cairns wa Cambridge, Uingereza. Jicho halitolewi, kama wengine wanavyoogopa. Linatiwa ganzi, kisha munganga anafungua njia ndogo kwenye sehemu nyeupe, chini ya kope la juu. Maji yanapita pale na presio inashuka. Kwa sababu mwili unapenda kufunga kidonda, dawa kama mitomisini inasaidia njia ibaki wazi.

Hapa njo familia nyingi zinakosea. Mtoto wa jicho akitolewa, mutu anaweza kuona tena. Glokoma si hivyo: kilichopotea hakirudi, upasuaji unalinda tu kilichobaki. Kungojea mpaka giza ni kuchelewa.

Dawa ya matone nayo inashusha presio, lakini inatiwa kila siku, maisha yote. Kwa mulimaji anayeishi mbali na farmasi, munganga anaweza kushauri upasuaji mapema.

Kabla ya safari, familia ipange pia chakula na pa kulala kwa majuma ya kwanza, maana kurudi kupimwa ni sehemu ya matibabu. Mugonjwa asisugue jicho, asibebe muzigo muzito, asiiname shambani mpaka aruhusiwe. Jicho likiwa jekundu, likiuma ao likitoa usaha, hata miaka ikiwa imepita, aende kwa munganga siku ile ile.

Mwenye kupita miaka 40 asingoje dalili: apimishe macho.