Simbi Nyaima: Ziwa la Hukumu

Wanajiolojia husema ziwa hili la magadi, karibu na Kendu Bay, limejaa ndani ya kasoko ya volkeno. Wajaluo wana maelezo mengine. Usiku mmoja kijiji kizima kilikuwa kwenye sherehe ya pombe. Akaja bikizee, amechoka, ana njaa, akiomba chakula na pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkirimu, naye akaonywa ahame upesi. Mvua ikashuka, kijiji kikazama, walevi na watoto wachanga pamoja.

Watoto walikosa nini? Swali hilo liliwasumbua pia Wagiriki wa kale. Katika tamthilia ya Euripides, Bacchae, mungu Dionysus anafika Thebes kwa sura ya mgeni, anakataliwa, na kisasi chake kinamfanya mama amuue mwanawe bila kumtambua. Mzee Cadmus, baba wa mama huyo, anakiri kosa la ukoo wake, ila anamwambia mungu waziwazi kwamba adhabu imezidi. Simbi haikupata mtetezi wa namna hiyo.

Maji ya ziwa hili ni ya magadi makali: usiyanywe, wala usiwafukuze heroe wanapokula ukingoni.