Utafiti Mlangoni pa Bunge: Wisconsin na Mipaka ya Sera ya Jamii, 1901–1935

Sehemu hii inachunguza chimbuko la utafiti wa sera katika jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Hoja inayotetewa ni kwamba utaratibu uleule ulioupa utafiti huo uwezo wa kuzaa sheria ndio uliowaacha baadhi ya wafanyakazi nje ya sheria hizo.

Mnamo 1901, bunge la jimbo liliidhinisha maktaba ya marejeleo ndani ya jengo lake mjini Madison. Charles McCarthy, mwanahistoria aliyekuwa ametoka kuhitimu uzamivu, alikabidhiwa kazi hiyo. Kwa maoni yake, mbunge asiye na mtafiti wala mwandishi wa miswada hulazimika kuwategemea mawakala wa makampuni makubwa. Kwa hiyo alikusanya sheria za majimbo mengine, hukumu za mahakama na vipande vya magazeti. Ili kuepuka tuhuma za upendeleo, alitaka kila muswada uandikwe kwa maelekezo ya maandishi yenye saini ya mbunge, na watumishi wake wasipendekeze maudhui.

Masharti hayo hayakuondoa shaka. Katika kampeni za 1914, Emanuel Philipp aliahidi kuifuta maktaba hiyo. Alipokuwa gavana, aliiona kazi yake na kuiacha iendelee. Tukio hili linaonyesha kwamba uhai wa taasisi ulitegemea manufaa yake kwa kila upande wa siasa.

Mantiki hiyohiyo ya kuafikiana inaonekana katika kazi za John R. Commons, mchumi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Sheria za 1911 ziliweka kodi ya mapato, fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini, na Tume ya Viwanda. Katika Tume hiyo, Commons alitumia kamati za ushauri zilizowakutanisha waajiri na wafanyakazi. Kanuni za usalama zilizokubaliwa na pande zote mbili zilikuwa rahisi kutekelezwa. Hata hivyo, kibarua wa shambani asiye na chama hakuwa na mtu wa kumsemea katika vikao vya namna hiyo.

Athari yake ilidhihirika mwaka 1932, Wisconsin ilipopitisha sheria ya kwanza nchini humo ya mafao ya ukosefu wa ajira. Sheria hiyo iliwalenga waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi na kuwaacha vibarua wa mashambani. Miaka miwili baadaye, Edwin Witte, mwanafunzi wa Commons aliyewahi kuiongoza maktaba hiyo, aliitwa Washington kuratibu kamati iliyoandaa Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935. Kamati ilipendekeza pensheni ya uzeeni iwahusu pia vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani. Wizara ya Fedha ilidai kwamba michango yao ingekuwa vigumu kukusanywa. Bunge la Marekani likawaondoa, na wafanyakazi weusi wa Kusini wakaathirika zaidi.

Kwa hiyo, haitoshi kuupima utafiti wa sera kwa idadi ya sheria ulizozaa. Ni lazima kuuliza pia ni nani aliyeshauriwa, na ni nani aliyehesabiwa kuwa mgumu kufikiwa kabla hajasikilizwa.