Upanga wa Mjapani na wazee wetu wa Burma

Mtu akisema upanga hapa Bukavu, sisi tunawaza mupanga wa shamba. Lakini kuna upanga mwingine ambao leo matajiri wa Ulaya na Marekani wanautafuta kwa bei kali: ule wa ofisa wa Japani wa vita ya 1939-1945. Na Wakongomani walifika karibu nao.

Kila mtu wa mji anajua Camp Saïo. Jina lile linatoka Ethiopia, ambako Force Publique iliwashinda Waitaliano mwezi wa saba 1941. Safari ya Burma inasahaulika zaidi. Hospitali moja ya vita, Wakongomani karibu 350 na Wazungu wapata 20, ilitumika kule pamoja na Divizio ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ile iliyowafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Kiswahili kilisikika katika matope yale.

Sasa upanga wenyewe. Sajenti wa Japani alipewa na serikali upanga wa kiwandani, wenye namba. Ofisa alijinunulia wake, na wengine walibeba chuma cha babu zao kilichovikwa ala ya kijeshi. Kwa hiyo mkusanyaji, akiupata wa ofisa, anatoa kwanza kile kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, anavua mpini, anasoma. Maana fundi wa zamani aliandika jina lake pale ndani, pasipoonekana. Hapo ndipo bei inapanda ao inaanguka.

Vita ilipoisha mwaka 1945, ma-ofisa wa Japani waliamriwa kutoa panga zao mbele ya watu wote. Sisi wa Bushi tunaelewa: ni sawa na kumvua mwami ishungwe. Jenerali Slim, aliyeongoza jeshi la Waingereza kule Burma, aliweka upanga wa Jenerali Kimura nyumbani kwake.

Ile desturi ilikuwa ya ofisa kwa ofisa. Na katika Force Publique Mkongomani hakuwa ofisa hata mmoja mpaka uhuru wa 1960, hata kama alibeba majeruhi miaka miwili. Juu ya hiyo panga zile hazikuja Bukavu.

Mwaka 2022, kule Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvalisha medali koplo Albert Kunyuku, mzee wa vita ile. Alikuwa na miaka 100.