Mbu Mkubwa Kwenye Skrini: Filamu, Sanaa ya Maumbo na Ufundishaji wa Sayansi na Hisabati, kutoka Vugiri hadi Nyakabiga

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya matumizi ya filamu na sanaa za maumbo katika kufundisha sayansi na hisabati Afrika Mashariki na Kongo ya Mashariki tangu mwaka 1929. Hoja kuu ni kwamba filamu za elimu za wakati wa ukoloni hazikukwama kwa sababu watazamaji walishindwa kusoma picha, kama ilivyodaiwa. Zilikwama kwa sababu watengenezaji hawakufundisha hisabati iliyomo ndani ya picha yenyewe, yaani uwiano wa ukubwa na uwiano wa muda. Wakati huohuo, watazamaji walikuwa na maarifa makubwa ya maumbo katika ususi, uchoraji na uchongaji, nayo hayakuulizwa. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo yanayolenga shule za mijini zenye lugha nyingi, Nyakabiga ikiwa mfano.

1. Utangulizi

Nyakabiga ni mtaa wa jiji la Bujumbura ulio jirani na Bwiza na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Hadi mwaka 2014 ulikuwa tarafa yenye jina lake. Tangu hapo ni sehemu ya tarafa ya Mukaza. Mtoto anayekulia hapo husikia Kirundi nyumbani, husikia Kiswahili katika mitaa ya Bwiza na Buyenzi, na hukutana na Kifaransa kama lugha ya kujifunzia hisabati na sayansi. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Kiswahili na Kiingereza navyo vimeingia katika shule za msingi za Burundi.

Katika mazingira kama hayo, ni rahisi kwa mtunga sera kuamini kwamba picha itavuka mpaka ambao lugha imeshindwa kuuvuka: weka skrini darasani, onyesha filamu, na sayansi itaeleweka. Imani hiyo si ngeni. Imekwisha kujaribiwa katika ukanda huu, kwa fedha na kwa bidii, na matokeo yake yanastahili kusomwa upya kabla shule hazijanunuliwa vifaa vingine.

2. Chombo kilichozaliwa maabara

Filamu ilikuwa chombo cha sayansi kabla haijawa burudani. Mwaka 1882 mwanafiziolojia Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha kadhaa kwa sekunde moja, ili achunguze mbawa za ndege arukaye. Lengo lake lilikuwa kuugawa mwendo katika vipande vinavyopimika.

Hivyo basi, kila filamu ina hesabu ndani yake. Filamu ya sauti ya kawaida huonyesha fremu 24 kwa sekunde. Mpigapicha akilipiga shina la mhindi fremu moja kila saa, siku moja itakuwa na fremu 24, nazo zitapita kwenye skrini kwa sekunde moja. Siku 30 za ukuaji zitaonekana kwa nusu dakika. Anayeelewa uwiano huo anaona mmea ukikua. Asiyeelezwa anaona mmea unaoruka kutoka ardhini, na ana haki ya kuuliza ni mmea wa aina gani huo.

3. Majaribio ya Afrika Mashariki, 1929–1937

Mwaka 1929 mwanabiolojia Mwingereza Julian Huxley, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO, alizunguka Afrika Mashariki akiwaonyesha wanafunzi filamu za elimu ili kupima uelewa wao. Matokeo yalimtia moyo: wanafunzi walizielewa filamu, wakazifurahia, na walivutiwa na zile za maumbile. Ushahidi wa mapema kabisa katika eneo hili ulikuwa, kwa hiyo, upande wa mtazamaji.

Jaribio kubwa zaidi lilifuata kati ya 1935 na 1937, likijulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Lilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa ruzuku ya Shirika la Carnegie la New York, na makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Waliolisimamia ni L. A. Notcutt, aliyewahi kuendesha mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini. Walitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu mmomonyoko wa udongo, safura, malaria ya watoto, akiba ya posta na uteuzi wa mbegu. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Lori la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland.

Jambo la kuheshimiwa katika mradi huo ni kwamba sauti zilitolewa katika lugha za watazamaji, na Waafrika walifanya kazi katika utengenezaji. Hata hivyo, mtazamaji alipewa hitimisho badala ya njia ya kulifikia. Aliambiwa kwamba mbegu iliyochaguliwa huzaa zaidi. Hakuonyeshwa namna ya kupima mavuno ya mashamba mawili na kuyalinganisha. Sayansi ilimfikia kama agizo.

4. Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi

Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji mwaka 1925, na Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilikuwa makao ya utawala wake. Katika miaka ya 1930 na 1940 utawala wa Kibelgiji uliweka udhibiti mkali wa filamu ambazo Waafrika waliruhusiwa kuziona. Gérard De Boe, mmoja wa watengeneza filamu mashuhuri wa koloni, alianza kazi kama mhudumu wa afya na akatumia kamera katika masuala ya magonjwa. Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za Mboloko, swala mdogo wa ngano za Kongo. Katuni ni sanaa ya kuhesabu, kwa kuwa kila hatua ya mnyama hugawanywa katika michoro mingi; lakini katuni hizo zililenga maadili, na ufundi wake haukuwa somo.

Mwaka 1958 ilitoka *Les Seigneurs de la forêt*, filamu ya Heinz Sielmann na Henry Brandt iliyotengenezwa chini ya taasisi ya kisayansi ya Mfalme Leopold III. Iliwaonyesha walimwengu sokwe wa milimani na misitu ya Kongo. Wakazi wa ukanda huohuo walikuwa mada ya filamu hiyo. Hadhira yake ilikusudiwa kuwa kwingine.

5. Mbu mkubwa: tatizo la uwiano

Katika maandishi ya watetezi wa sinema ya kikoloni kuna kisa kilichorudiwa mara nyingi. Wanakijiji wanaonyeshwa filamu ya malaria, mbu anajaza skrini nzima, kisha mzee mmoja anasema kwamba maradhi hayo hayawahusu, kwa kuwa kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Kisa kilisimuliwa kwa tofauti nyingi, wakati mwingine mbu akiwa nzi, na kikatumika kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kusoma picha.

Kikisomwa kwa jicho la hisabati, kisa hicho kinathibitisha kinyume chake. Mbu mwenye urefu wa milimita 5 akionekana kwenye skrini akiwa na urefu wa mita 1, amekuzwa mara 200. Mtu mwenye kimo cha mita 1.7 akikuzwa kwa kiasi hichohicho atafika mita 340. Filamu iliyomwonyesha mtu kwa kimo cha kawaida, kisha mbu akiwa mkubwa kuliko mbuzi, bila kutaja kwamba skeli imebadilika, ilitoa taarifa isiyo sahihi. Mzee alipima kitu kimoja kwa kingine na kuona hesabu haikubali. Kwa maneno mengine, yeye ndiye aliyetumia uwiano. Mtengeneza filamu aliuruka.

Fundisho lililochukuliwa na watawala lilikuwa jingine. Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939 chini ya William Sellers, kilihimiza mtindo wa pekee kwa watazamaji wa Afrika: mwendo wa polepole, picha za mbali, mfululizo usiokatika, na kuepuka kile kilichoitwa hila za kamera. Ukuzaji wa ghafla na ufupishaji wa muda vilihesabiwa miongoni mwa hila hizo. Hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Ukuzaji na ufupishaji wa muda ndizo zana hasa zinazoifanya filamu kuwa chombo cha sayansi. Badala ya kufundisha skeli, ambayo ingehitaji dakika chache na rula, kitengo kiliondoa hadubini na kumbakishia mtazamaji nasaha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Peter Morton-Williams alichunguza watazamaji wa vijijini Nigeria, na kazi yake ikaelekeza kwenye maudhui na mazoea ya watu badala ya upungufu wa macho yao. Hata hivyo, dhana ya awali ilidumu. Mwaka 1962 Marshall McLuhan aliieneza duniani kote katika kitabu chake *The Gutenberg Galaxy*, akitumia kisa kingine cha aina hiyo, ambamo watazamaji wa filamu ya usafi walisemekana kumwona kuku tu.

6. Hisabati iliyokuwa mikononi mwa watazamaji

Watu waliodhaniwa hawasomi picha walikuwa wakizitengeneza kwa hesabu makini. Igiseke cha Burundi husukwa kwa kuzungusha mshipi wa nyasi na kuushona. Upana wa mshono ukiwa sawa na unene wa mshipi, kila mzunguko wa kitako huongezeka kwa mishono takriban 6, kwa sababu mzingo huongezeka kwa mara mbili ya pai, yaani 6.28, kwa kila kipimo kimoja cha nusu kipenyo. Msusi akiongeza kidogo kuliko hapo, kitako hujikunja kuwa bakuli. Akizidisha, hufanya mawimbi. Nakshi nayo ina masharti yake. Umbo linalohitaji mishono 6 halitafunga katika mzunguko wa mishono 100, kwani mishono 4 itabaki; litafunga katika 96 au 102. Msusi huyajua haya kabla ya kuanza, la sivyo kazi yake itaonyesha kosa mbele ya kila mtu.

Pwani, msusi wa ukili huanza kwa kuhesabu miyaa, na idadi yake huamua nakshi zipi zinawezekana. Rwanda ya mashariki, michoro ya imigongo hupanga misitari na pembe kwa ulinganifu mkali. Wanahisabati wamethibitisha kwamba nakshi inayojirudia katika mshipi mmoja inaweza kuwa na aina 7 tu za ulinganifu. Mwaka 1971 Donald Crowe alionyesha kwamba aina zote 7 zimo katika sanaa ya Wakuba wa Kongo. Claudia Zaslavsky aliiingiza kazi hiyo katika *Africa Counts* ya mwaka 1973, na Paulus Gerdes akaendeleza uchunguzi wa aina hiyo Msumbiji, ambako ususi ulifanywa lango la kufundishia jiometri.

Ushahidi wa kale zaidi unatoka Ishango, kwenye ufuko wa Ziwa Edward. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua huko mfupa wenye urefu wa sentimita zipatazo 10, unaokadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi, wenye mikato iliyopangwa katika safu tatu. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Kila moja kati ya safu hizo mbili hujumlika kuwa 60, na ya tatu 48. Wataalamu hawakubaliani kuhusu maana yake. Alexander Marshack aliiona kuwa kalenda ya mwezi. Mwanahisabati Mbelgiji Dirk Huylebrouck, aliyewahi kufundisha katika vyuo vikuu vya Kongo na Burundi, mwaka 1996 aliandika kuhusu mfupa huo kwa kichwa kinachokumbusha filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, ambamo mfupa uliorushwa juu hugeuka kuwa chombo cha anga. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels. Mwanafunzi wa Nyakabiga ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuuona katika picha kuliko kwa macho yake, na hilo ni sababu ya kutosha ya kuitengeneza picha hiyo vizuri.

7. Hitimisho na mapendekezo

Burundi ina uwezo wa kutengeneza picha zake. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1984. Léonce Ngabo alitoa *Gito l'ingrat*, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, mwaka 1992. Na tamasha la filamu la FESTICAB lilianza mwaka 2009. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliigawa mitaa ya Bujumbura, Nyakabiga ikiwemo, lakini havikufuta ujuzi huo.

Historia iliyojadiliwa inaelekeza kwenye mambo matatu. Kwanza, kila filamu ya sayansi inayoidhinishwa kwa shule itaje uwiano wake: kitu kimekuzwa mara ngapi, muda umefupishwa mara ngapi, na mwanafunzi apewe hesabu hiyo aikokotoe mwenyewe. Pili, wasusi, wachoraji na wachongaji washirikishwe katika utungaji wa masomo ya jiometri, na istilahi za Kirundi na za Kiswahili wanazotumia zikusanywe sambamba na zile za kamusi. Tatu, mwanafunzi atengeneze picha kabla ya kuonyeshwa. Michoro 24 pembeni mwa kurasa za daftari, ikipinduliwa kwa kidole gumba, ni filamu ya sekunde moja. Haihitaji umeme, na hufundisha sehemu, mwendo na wakati kwa mpigo.

Skrini bila mambo hayo itarudia kosa la miaka ya 1930 kwa gharama kubwa zaidi. Swali la mzee kuhusu mbu lilikuwa swali la sayansi. Shule inayostahili kuitwa shule ni ile itakayolijibu kwa rula.